Jani Lililokatwa Tanga

Kupanda mti kwa kukata tawi ni kazi ya zamani sana katika pwani yetu, na wanaoifanya hawahesabu kwamba ni elimu. Mtu apitaye Raskazone, katika rasi ile iingiayo baharini upande wa mashariki wa mji wa Tanga, huona kuta na nyua zilizofunikwa na bogenvilia zenye rangi nyekundu, zambarau na nyeupe. Ni shida kuipata hata moja iliyopandwa kwa mbegu. Mtunza bustani hukata kijiti kilichokomaa, urefu wa shibiri moja hivi, akakichomeka ardhini wakati wa masika. Na kama maji hayakituami, baada ya majuma machache kijiti kitatoa macho na majani. Asili ya mmea huo ni Amerika ya Kusini. Wazungu waliuandika mara ya kwanza kutokana na safari ya nahodha wa Ufaransa, Bougainville, aliyeizunguka dunia kati ya mwaka 1766 na 1769. Na toka huko umefika katika nchi zote za joto, zaidi kwa njia ya vijiti.

Lakini watu wa pwani hawakuingoja bogenvilia ndipo wajue kazi hii. Muhogo hupandwa kwa pingili. Viazi vitamu hupandwa kwa marando. Minyaa ya boma hukatwa tawi likasimikwa tu. Asumini ya nyumbani hutolewa tawi na jirani, ikaenda kuota katika ua wa pili. Katika mambo haya yote tunda halikutafutwa wala mbegu haikungojwa. Kilichotakiwa ni kipande cha mmea wenyewe.

Hapo pana jambo ambalo yafaa tulishike vema kabla ya kuendelea, maana habari yote ya insha hii imejengwa juu yake. Mbegu ni mtoto: ina baba na mama, nayo huchanganya sifa za wote wawili, hata isifanane na mmoja wao kwa ukamilifu. Kipandikizi si mtoto. Kipandikizi ni mmea ule ule uliokatwa, umebadili mahali tu. Asumini aliyoipanda nyanya, ikakatwa tawi na binti yake, ikakatwa tena na mjukuu, ni asumini moja iliyoishi katika nyua tatu. Methali husema kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Juu ya kipandikizi twaweza kusema zaidi ya hayo, kwamba ni nyoka yule yule.

Nia yangu ni kueleza historia ya mmea mmoja uliotoka katika mawe na misitu ya Tanga, ukaenda Ulaya kwa mbegu, ukaenea duniani kwa majani, na leo unakaa katika madirisha ya mamilioni ya nyumba ambazo wenyewe hawakupata kulisikia jina la Tanga. Mmea huo ni sentipolia, ambao Waingereza huufananisha na urujuani wao wakauita urujuani wa Afrika. Si mti wala kichaka. Ni mmea mdogo, majani yake ni manene yenye malaika laini, nayo hujipanga duara juu ya ardhi, na maua yake ni ya samawati iliyokolea, yenye vichwa vidogo vya manjano katikati. Lakini katika sanaa ya kukata na kupandikiza, hakuna mmea wa bustani uliotoka kwetu ambao historia yake yafundisha zaidi kuliko huu.

Watu wa kwanza waliopeleka mfano wa mmea huu Ulaya walikuwa watu wanaojulikana na kila msomaji wa historia ya pwani. Mmoja alikuwa Sir John Kirk, balozi wa Uingereza katika Unguja, ambaye jina lake limefungamana na mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa. Kabla ya kuwa balozi alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea. Mwaka 1884 alipeleka mmea huu, umekaushwa, katika bustani ya Kew karibu na London. Wa pili alikuwa mmisionari W. E. Taylor, yule aliyekusanya methali za Kiswahili katika kitabu alichokitoa mwaka 1891, na ambaye bila ya juhudi yake pamoja na Mwalimu Sikujua wa Mombasa mashairi mengi ya Muyaka yangalipotea. Yeye alipeleka mfano wake mwaka 1887. Vielelezo hivyo viwili havikutosha kuwawezesha wataalamu wa Kew kuupa mmea jina, basi vikawekwa kabatini. Mmea uliokauka hauwezi kukatwa ukaota. Huo ulikuwa ushahidi wa uhai, si uhai wenyewe.

Mtu wa tatu ndiye aliyepeleka kilicho hai. Huyu alikuwa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya ya Tanga katika miaka ya mwanzo ya serikali ya Kijerumani. Yeye naye alikuwa mtu wa lugha: mwaka 1890 kilichapwa kitabu chake cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Basi yatupasa tulitazame jambo hili kwa makini, ya kuwa watu watatu wa kwanza katika historia ya ua hili, wawili wao waliandika vitabu juu ya lugha yetu, na wa tatu alikuwa balozi mwenye nguvu kuliko wote katika pwani. Maneno, mimea na madaraka vilikuwa vikikusanywa kwa mkono mmoja. Wala tusisahau kuwa zama hizo zilikuwa karibu mno na vita. Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Miaka mitatu baadaye mtawala wa Tanga alikuwa akitembea msituni akiokota maua.

Mwaka 1892 Saint Paul-Illaire aliupata mmea huu katika mahali pawili. Pa kwanza palikuwa mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini Tanga, katika nyufa za mawe ya chokaa yenye kivuli cha miti, chini ya futi 150 juu ya usawa wa bahari. Ajuaye nchi ya Tanga atatambua namna ya mahali hapo: ni nchi ya mawe kama ile ya Amboni, ambako mto Mkulumuzi umechimba bonde lake na mapango maarufu yamefunguka. Mahali pa pili palikuwa juu katika misitu ya Usambara. Alipeleka mbegu na mimea kwa baba yake, mpenda bustani aliyekaa Fischbach katika Silesia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Poland. Baba naye akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen katika mji wa Hannover. Wendland aliiotesha, akaichunguza, na mwaka 1893 akaitangaza katika jarida la Gartenflora kwa jina la Saintpaulia ionantha. Neno la pili lina maana ya kuwa maua yake yafanana na urujuani. Neno la kwanza ni jina la mtawala na baba yake. Jina la mahali ulipotoka mmea halikuwamo.

Mwaka ule ule wa 1893 ua hilo lilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya bustani mjini Ghent, Ubelgiji, likawavutia watu wengi; na nyumba ya biashara ya Benary, katika mji wa Erfurt, ikaanza kuuza mbegu zake. Methali yetu husema: mcheza kwao hutunzwa. Ua hili lilicheza ugenini, na huko ndiko lilikotunzwa.

Kwa muda wa miaka 30 na zaidi sentipolia ilienea kwa mbegu, nayo haikuenea sana. Sababu yake ni ile tuliyoitaja: mbegu ni watoto, na watoto hutofautiana. Mwenye duka akipanda mbegu mia moja hupata mimea mia moja isiyolingana, mmoja umekaa vizuri na mwingine umelegea, mmoja wa rangi iliyokolea na mwingine wa rangi iliyopauka. Mabadiliko yalikuja Marekani. Yapata mwaka 1926 nyumba ya Armacost na Royston mjini Los Angeles ilinunua mbegu kutoka Ujerumani kwa Benary na kutoka Uingereza kwa Suttons, ikaotesha miche mingi, kisha ikachagua 10 iliyokuwa bora kuliko yote. Kumi hiyo ilipewa majina, na mmoja ulioitwa Blue Boy ukawa maarufu kuliko wenziwe. Tangu hapo wauzaji hawakuhitaji mbegu kila mara. Walikuwa na mmea wanaoutaka, nao walijua namna ya kuufanya uwe elfu.

Namna yenyewe ni hii. Huchaguliwa jani lililokomaa lakini halijazeeka, likakatwa pamoja na kikonyo chake, sentimita 3 hivi, kwa wembe na kwa mshazari. Kikonyo huchomekwa katika mchanga uliochanganywa na majani yaliyooza, wenye unyevu lakini usiotota. Kisha chombo huwekwa penye mwanga usio wa jua kali, kikafunikwa ili unyevu usitoroke. Baada ya majuma 3 au 4 mizizi huonekana. Hupita mwezi mwingine au miwili, ndipo vimea vidogo hujitokeza katika shina la kikonyo, vitatu, vinne au zaidi kwa jani moja. Kila kimoja hutengwa, kikapandwa peke yake. Jani lenyewe laweza kukatwa tena likaanza upya.

Mkulima wa muhogo akiyasikia haya atauliza swali la haki. Pingili ya muhogo ina macho. Mkulima huyahesabu kabla ya kupanda, na pingili isiyo na jicho huitupa. Je, jani ambalo halina jicho hupata wapi chipukizi? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1937 na wachunguzi wawili wa Marekani, Naylor na Johnson, waliokata vikonyo vya sentipolia vipande vyembamba sana wakavitazama kwa hadubini. Waliona kuwa mizizi hutoka ndani, karibu na mishipa ya jani, lakini machipukizi hutoka katika ngozi ya juu ya kikonyo. Chembe za ngozi ambazo kazi yake ilikuwa kufunika tu huanza tena kujigawanya, zikajenga jicho jipya mahali ambapo hapakuwa na jicho. Muhogo humwamsha aliyelala. Sentipolia humwumba ambaye hakuwapo.

Tokeo la hayo ni la ajabu. Mmea ulioumbwa hivyo hufanana na mamaye kwa kila hali, ila mara moja moja ambapo chembe imegeuka, na rangi au umbo jipya likazuka bila kutarajiwa. Katika Blue Boy ulizuka uzao wa maua yenye petali maradufu na wa maua ya waridi. Na kila kilichozuka kiliweza kushikwa kwa njia ile ile ya jani. Lakini zipo aina ambazo jani haliwezi kuzihifadhi. Maua yao yana mistari itokayo katikati kwenda ukingoni, na sababu ya mistari hiyo ni kuwa ngozi ya mmea ni ya namna moja na nyama yake ni ya namna nyingine. Kwa kuwa jani huumba mmea mpya kwa ngozi peke yake, mistari hupotea. Yapasa kusubiri chipukizi la ubavuni au la bua la ua. Mwenye kulijua jambo hili huelewa kwamba hata kazi ya kunakili ina mipaka yake.

Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili walikutana Atlanta wakaanzisha chama chao cha Marekani, na tangu hapo aina zilizopewa majina zimefika maelfu. Majani yalipelekwa kwa posta, yamefungwa katika karatasi yenye unyevu, toka jimbo hata jimbo na nchi hata nchi. Chanzo cha sehemu kubwa ya wingi huo ni mimea michache iliyotoka katika nyufa za mawe karibu na mji wetu.

Sasa na tutazame upande wa pili wa mizani. Mwaka ule ule wa 1893, wakati sentipolia ilipokuwa ikipewa jina huko Hannover, mmea mwingine ulishuka Pangani. Mjerumani Richard Hindorf alikuwa ameagiza kutoka Florida vichipukizi 1,000 vya mkonge, mmea wa asili ya Mexico. Vingi vilikufa njiani. Vilivyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na mlango wa mto Pangani, vilikuwa 62. Mkonge nao hauzalishwi kwa mbegu shambani, bali kwa vichipukizi vinavyoota katika mlingoti wake na kwa vile vinavyotoka shinani. Hivyo vichipukizi 62 vikawa mashamba yaliyoijaza nchi toka Tanga hata Korogwe na kuendelea, na mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Mmea mmoja ulitoka ukawa pambo la watu wengine. Mmoja uliingia ukawa jasho la watu wetu. Njia yao ilikuwa moja: machache yaliyokatwa, yakafanywa mengi yanayofanana.

Kufanana huko ni faida kwa mwenye kuuza, lakini kuna hatari ndani yake, na hatari hiyo ilijulikana hapa hapa mkoani Tanga kabla haijajulikana kwingi. Chuo cha uchunguzi wa mimea na kilimo kilianzishwa Amani, katika Usambara ya Mashariki, mwaka 1902. Katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, mtaalamu H. H. Storey alichunguza maradhi ya muhogo. Aliona kuwa batobato hukaa katika mmea mzima na kupita katika kila pingili itakayokatwa. Na mwaka 1936 alikuwa wa kwanza kuandika habari za ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mkulima alipodhani anagawa mbegu kwa jirani, alikuwa akigawa na ugonjwa. Kipandikizi hakichagui: hurithisha uzuri na ubaya kwa uaminifu ule ule.

Dawa ilipatikana wapi? Haikupatikana katika pingili, maana muhogo wote wa namna ile ulikuwa mgonjwa wa namna moja. Storey na mwenzake Nichols walirudi kwenye mbegu. Walichavusha muhogo kwa chavua ya jamaa zake wa mbali, hasa mti wa mpira wa Ceara ambao Wajerumani walikuwa wameupanda kwa ajili ya mpira, kisha wakazirudisha mbegu zao kwa muhogo wa kawaida vizazi kadhaa, wakichagua yenye kustahimili. Kazi hiyo ya Amani ilipelekwa baadaye Nigeria, na damu ya mimea ile imo katika mihogo mingi ya Afrika inayostahimili batobato. Funzo lake ni wazi: kipandikizi huhifadhi kilichokwisha patikana, lakini kinapofika kwenye shida isiyojua njia yake, msaada hutoka kwa jamaa aliyebaki porini.

Turudi kwa sentipolia na swali hili mkononi. Jamaa zake wa porini wako wapi? Wote wako katika Tanzania na sehemu ndogo ya Kenya: Usambara, Uluguru, Nguru, vilima vya Taita, na mawe ya pwani toka Tanga hata nyuma ya Kilifi. Mtaalamu wa Edinburgh, B. L. Burtt, alizihesabu aina zipatazo 20 hata mwaka 1964. Mwaka 2006 Darbyshire alizipunguza zikawa 6, akaona kuwa nyingi ni sura mbalimbali za aina moja ile ya Tanga na Usambara. Na mwaka 2015 wataalamu walizihamishia katika jamii kubwa zaidi ya Streptocarpus. Majina hubadilika, na mabishano ya wataalamu yataendelea. Lakini mahali hayabadiliki, nayo ni finyu: jabali lenye kivuli, ukingo wa kijito, ufa wa jiwe la chokaa. Mti mkubwa wa juu ukikatwa, jua huingia na mmea hukauka kwa msimu mmoja. Jiwe likivunjwa kwa ajili ya chokaa, hakuna pa kurudia.

Porini sentipolia haizai kwa jani tu. Ua lake halina asali. Shina la kike limepinda upande mmoja, kushoto katika ua hili na kulia katika ua lile, na nyuki hutikisa chavua kwa mtetemo wa misuli ya kifua chake akaichukua mwilini toka ua moja hata jingine. Kwa njia hiyo sifa huchanganyika, na watoto wasiofanana huzaliwa kila mwaka. Dirishani hakuna nyuki huyo. Basi mtu akisema kuwa mmea huu hauwezi kupotea kwa kuwa upo katika kila duka la maua la Ulaya na Marekani, amechanganya wingi na utajiri. Mimea milioni iliyotoka katika jani moja ni mmea mmoja. Bonde moja dogo la Usambara lenye mimea mia moja ya mbegu lina mengi zaidi.

Iko pia haki. Mapatano ya ulimwengu juu ya viumbe hai yalifanywa Rio de Janeiro mwaka 1992, yakaanza kutumika Desemba 1993, miaka 100 kamili baada ya Wendland kulitangaza jina lake. Mapatano hayo yanakiri kuwa kila nchi ina mamlaka juu ya mali ya mimea yake, na kwamba faida yafaa igawanywe kwa haki. Lakini hayarudi nyuma. Kilichokatwa kabla yake kimekwisha katwa. Hatuwezi kuyaita majani yote ya dunia yarudi Amboni, wala haitufai kuishi kwa kulalamika juu ya mbegu za mwaka 1892.

Linalowezekana ni kazi mbili, nazo zimo ndani ya uwezo wetu. Ya kwanza ni kuuhifadhi uzao wa porini pale ulipo. Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, nayo ni hatua njema. Lakini mawe ya chini, karibu na mji, ambayo ndiyo nyumba ya mmea wa kwanza kupewa jina, yanahitaji jicho lile lile. Ya pili ni kuufanya mmea ujulikane kwao. Jani la sentipolia halihitaji mashine wala fedha nyingi. Mwanafunzi mwenye wembe, kopo na mchanga aweza kuotesha mimea ya darasa zima kwa jani moja la bustani, bila kuugusa wa msituni, na katika kazi hiyo akajifunza tofauti ya mtoto na kipande kuliko atakavyojifunza katika kurasa nyingi.

Mwenye kupanda kipandikizi hutegemea shina lililobaki nyuma. Akikata vema, shina huendelea kuishi na tawi huishi. Akilikata shina lenyewe, alichonacho mkononi ni kipande kisicho na mwenzi wa kumsaidia siku ya maradhi. Dunia imelichukua jani, nalo limestawi. Shina li kwetu.